Mimi Sishuki

Huku Wusi neno kushuka halina maneno mengi. Kushuka ni kwenda chini, basi. Ukiuza kabichi unashuka Mwatate. Ukiugua sana unashuka Voi. Mtoto akipata kazi anashuka, akiipoteza anapanda, na majirani wakimwona anavyopanda na begi lake wanajua bila kuuliza. Sasa hebu niambie, mwanamke aliyeishi na neno hilo miaka yake yote ya ndoa angejuaje kwamba kuna watu wengine, nchi ya mbali yenye baridi, wanaoshuka huku wamekaa palepale?

Tryphena hakujua. Na wale wanaomcheka mpaka leo pale senta, penye maduka, nawaambia wazi, wangekuwa wao wangefanya vituko kumshinda.

Tryphena ni mke wa Thadeus, yule mzee mwembamba aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge kule chini mpaka akastaafu. Yeye mwenyewe ni mtu wa tambarare. Alizaliwa Mbololo, upande wa chini, ambako mahindi yakifika kiunoni ndovu wanatoka mbugani kuja kuyavuna kabla yako. Utoto wake aliumaliza akigonga debe kuwafukuza, na kulipokucha akafuata maji na punda. Alipoolewa huku juu alikuta maji yanateremka yenyewe mlimani, ukungu asubuhi, na usingizi. Usingizi hasa! Akachimba matuta, akapanda kabichi, karoti na njegere, akafuga ng'ombe wa maziwa, na akajiambia kwamba kule chini atakuwa anaenda kusalimia tu.

Thadeus naye alipostaafu hakuwa na la kufanya, akawa anaenda senta kutazama mpira. Kila mtu pale alikuwa na timu yake kubwa ya Uingereza, na Thadeus hapendi kugawana kitu na watu wengi. Mwaka huo kulikuwa na timu moja, Leicester, ambayo hakuna aliyeitia maanani, ikawashangaza wakubwa wote ikachukua kombe la ligi kuu. Thadeus akasema, hii ndiyo yangu. Akanunua jezi ya buluu, ya mtumba, Voi, yenye kichwa cha mbweha kifuani. Tryphena alipoifua mara ya kwanza aliuliza kwa nini mtu anayefuga kuku avae mbweha. Hakujibiwa, na yeye hakurudia kuuliza.

Kwake mambo ya mpira yaliishia hapo. Alijua mume wake anapenda hao watu wa Lesta kama alivyojua anapenda chai ya tangawizi. Lakini hakujua, na hapa ndipo penye shida yote, kwamba mtu anaweza kuketi Wusi, hana hata pasipoti, akawaita watu wa Uingereza "sisi".

Sasa msimu ule wa juzi, ule ulioishia elfu mbili ishirini na tano, Leicester walikuwa hoi. Tangu Desemba walikuwa hawajafunga bao kwenye uwanja wao wa nyumbani. Hata moja! Wageni wanakuja, wanafunga, wanaenda zao. Pale senta vijana wakamfanya Thadeus kitu cha kuchezea, akiingia tu wanaanza kumwimbia. Mzee akanuna, akaacha kwenda. Mtu pekee aliyebaki wa kumwelewa alikuwa Crispus, waliyefanya kazi pamoja kwenye mkonge, ambaye siku hizi anaishi Taveta na ndiye shabiki mwingine wa Leicester ambaye Thadeus amewahi kumwona kwa macho yake. Basi ikawa ni simu. Alisimama nyuma ya zizi, mahali penye netiwaki nzuri, na zizi limepakana na jiko la Tryphena.

"Crispus, tusidanganyane," Tryphena akamsikia akisema. "Tunashuka."

Alikuwa anaponda kimanga, ndizi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Nyumbani hatupati kitu," Thadeus akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Nyumbani ndiko kunakotumaliza. Afadhali hata tukitoka, kidogo tunajikakamua. Lakini nyumbani? Sifuri!"

Tryphena akatazama jiko lake. Akatazama mkungu wa ndizi uliokuwa pembeni, debe la maharagwe, maziwa ya asubuhi yaliyofunikwa vizuri. Sifuri? Kweli huyu mtu ana shukrani?

"Kwani si tulishuka juzi juzi tu, tukapanda?" Thadeus akasema. "Basi tunashuka tena. Na tukishuka, wale wazuri wote watauzwa, tutabaki na wale wachovu."

Wazuri watauzwa. Tryphena akajua ni ng'ombe wake. Kuhusu wachovu hakuhitaji kuelezwa, maana pale nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na huyo anayeongea.

Lakini lililomvuruga kabisa lilikuwa lile la kushuka juzi juzi. Walishuka lini? Akakaa kwenye kigoda akatafuta, akatafuta, halafu akakumbuka. Wakati Daisy, mke wa mtoto wao Ronald, alipojifungua, Tryphena alikwenda Voi kumlea mzazi. Thadeus akamfuata huko, akakaa siku kadhaa kwenye sofa ya Ronald, mkono shavuni, hali vizuri, hasemi na mtu. Tryphena alidhani amem-miss mke wake, akafurahi sana, hata akamkaangia kuku. Kumbe mwenzake alikuwa anaonja maisha ya chini! Alikuwa anajaribu! (Ukweli ni kwamba Leicester walikuwa wameshuka daraja wiki hiyohiyo, ile mara ya kwanza aliyoisema kwenye simu. Lakini hilo ninalijua mimi na wewe. Tryphena hakuwa na wa kumwambia.)

Utauliza kwa nini hakumwendea mumewe akamuuliza, yaishe. Wewe umeoa? Umeolewa? Kuuliza ni kumpa mtu nafasi ya kusema ndiyo. Na akishasema ndiyo, limekwisha. Tryphena aliogopa, aliogopa kweli, mpaka usingizi ule wa Wusi alioupenda ukampotea. Akawa anaota anagonga debe.

Mvua zilipoanza, alifanya alichoweza. Alinunua miche ya avokado akaipanda kwenye matuta ya juu, mahali ambapo kila mwaka hupanda karoti. Thadeus akatoka na kikombe chake cha chai akasimama anatazama.

"Hiyo itazaa lini, Mama Ronald?"

"Itazaa tukiwa papa hapa," Tryphena akajibu bila kuinua kichwa, akakanyaga udongo kwa nguvu.

"Sasa utakuwa papa hapa, utakuwa wapi kwingine?" Thadeus akauliza, akarudi ndani.

Heh! Tryphena akabaki na jembe mkononi. Ni mjanja kiasi gani huyu mtu? Au mimi ndiye mwenye wazimu?

Akaenda kwa Jedidah, jirani yake, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya kanisa. Jedidah ni mtu asiyejua kunong'ona, na hana jambo asilokuwa na maelezo yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga goti kwa kiganja.

"Huyo Crispus ni wa wapi?"

"Taveta."

"Basi ni ploti! Taveta kuna maji ya mfereji, watu wanahamia kila siku kulima ndizi na nyanya. Huyo ni broka wa mashamba, dada yangu. Wameshaelewana."

"Lakini Baba Ronald hajawahi kulima nyanya."

"Ndiyo maana anamtaka broka," akasema Jedidah, na Tryphena hakuona hata pa kuanzia kumpinga. "Sikiliza. Jumatano ya wiki kuu tunasali kwako. Wakati wa maombi, wewe omba kwa sauti. Sema mbele za watu. Aone haya."

Jumatano jioni wanajumuiya wakajaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye mabenchi nje ya mlango. Thadeus alikuwa kwenye kona yake, amevaa jezi ya mbweha chini ya sweta, amejikunja. Wakaimba, wakasoma, ukafika wakati wa maombi. Mmoja akaombea mvua, mwingine akamwombea mgonjwa. Tryphena akasimama.

"Tuiombee nyumba hii," akasema. "Wako wanaosema kwamba lazima tushuke. Wanasema nyumbani hatupati kitu. Ee Mungu, wewe unajua tulikotoka. Tusishuke, Bwana. Usikubali tushuke. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!"

Sauti iliyojibu kwa nguvu kuliko zote ilitoka kwenye kona. Watu wakageuka. Thadeus alikuwa amesimama, mikono juu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye sharubu. "Twakuomba utusikie, Bwana!" akarudia peke yake, wenzake wakiwa wameshamaliza. "Tusishuke!"

Jedidah akamtazama Tryphena. Tryphena akamtazama Jedidah. Hakuna aliyeelewa kitu.

Wageni walipoondoka, Thadeus alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu sijui lini, akamwambia, "Mama Ronald, ahsante. Nilidhani niko peke yangu." Kisha akaenda nyuma ya zizi kumpigia Crispus.

Haki ya Mungu, hapo Tryphena alichanganyikiwa mpaka akatia chumvi kwenye chai. Mtu anayetaka kukuhamisha atalia vipi ukiomba usihamishwe? Alilizungusha jambo hilo Alhamisi, akalizungusha Ijumaa kwenye njia ya msalaba, vituo vyote, Mungu amsamehe. Mwisho akaona jibu liko moja tu. Thadeus hataki kushuka. Yupo mtu anayemlazimisha. Na mtu huyo si Crispus, Crispus ni broka tu. Ni nani basi mwenye nyumba chini, mwenye kazi chini, ambaye kila akipanda kusalimia husema, "Mama, huku mbali, njooni mkae karibu na hospitali"?

Ni Ronald. Mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Jumapili ya Pasaka Ronald akapanda na Daisy na mtoto, amebeba soda na nyama, amevaa jezi nyekundu, anacheka kabla hajafika mlangoni. Ronald anauza vifaa vya ujenzi Voi, ni kijana mzuri, na ni shabiki wa Liverpool wa kufa na kupona. Wakala. Tryphena hakula. Alikaa na mwiko wake, anamtazama mwanawe anavyotafuna, anamtafutia kosa kwenye uso na halioni.

Ronald akafuta midomo, akaegemea kiti. "Baba," akasema, "leo jioni nawashusha. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Ronald, usianze," Thadeus akasema.

"Hakuna huruma, mzee. Tena hapohapo nyumbani kwenu! Ikifika jioni mmeshashuka, mimi narudi zangu Voi nikipiga honi."

Mwiko ulimpata begani. Si kwa utani. Daisy akapiga kelele, mtoto akaanza kulia, na Tryphena alikuwa wima.

"Mimi sishuki!" akasema. "Umesikia? Mkitaka nibebeni kama gunia, lakini kwa miguu yangu sishuki! Nimekulea hapa. Nimechimba haya matuta na wewe uko mgongoni. Leo umepata jengo lako la mabati pale Voi unakuja kumtoa machozi baba yako?"

"Umemsikia mama yako?" Thadeus akaruka juu, amenyoosha kidole, uso unang'aa. "Umemsikia? Hata mama yako amekataa! Hatushuki!"

"Mama, lakini ni hesabu tu," Ronald akasema, anajisugua bega. "Hata msiposhuka leo mtashuka wiki ijayo."

"Na ng'ombe wangu nani amekupa ruhusa uwauze?"

Ronald akaacha kujisugua bega.

"Ng'ombe gani?" akauliza Ronald.

"Ng'ombe gani?" akauliza Thadeus.

"Si mlisema wazuri watauzwa! Si ulisema wewe mwenyewe, Baba Ronald, nyuma ya zizi, na huyo broka wako wa Taveta! Kwamba nyumbani hatupati kitu!"

Daisy ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka mkono mdomoni, akambembeleza mtoto, akasema polepole, "Mama. Ni mpira. Ni ile timu ya Baba. Liverpool wakiwafunga leo, wanatoka ligi kuu. Huko ndiko kushuka."

Tryphena akamtazama. "Nani anashuka?"

"Leicester."

"Wanashuka kwenda wapi?"

"Hawaendi mahali, Mama. Wanabaki palepale kwao."

"Sasa wanashukaje?"

Daisy akamtazama Ronald, Ronald akamtazama baba yake, na nikwambie kweli, hakuna aliyeweza kumjibu mama yule akaridhika. Ronald akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoka nje, akashika nguzo ya baraza, akawa anapiga kelele, "Broka! Crispus broka!" Daisy naye akashindwa kujizuia. Hata Tryphena tabasamu lilimjia, kwa sababu kifua chake kilikuwa kimefunguka, hewa inaingia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Thadeus hakucheka. Alikuwa bado amesimama kando ya meza, anasoma miezi ile yote kurudi nyuma, moja moja: zile avokado, ule uso wa mkewe asubuhi, yale maombi.

"Mama Ronald," akasema. "Yaani miezi yote hii ulidhani nitakushusha bila kukuuliza?"

"Ulinipandisha bila kuniuliza," Tryphena akasema.

Hakulipanga. Lilitoka tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, na alipolisikia alishtuka mwenyewe. Kule barazani kicheko cha Ronald kikakatika.

"Wazee ndio walioongea," Thadeus akasema. "Baba yako na baba yangu. Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua. Mimi nilikuwa nimeenda maji. Nilirudi na punda nikakuta wameshamaliza, nikaambiwa nifunge nguo. Nikapandishwa kwenye lori la kabichi lililokuwa linarudi tupu. Nililia mpaka Mwatate, dereva akadhani naumwa jino."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini?"

Thadeus akakaa. "Lakini ulipapenda huku," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ilikuwa inaomba. "Si ulipapenda?"

"Nilipapenda baadaye," Tryphena akasema. "Sana. Lakini hilo si jibu la mtu, Baba Ronald, maana hakuna aliyeuliza."

Akakusanya sahani akaenda nazo jikoni. Daisy akajifanya anambadilisha mtoto nguo. Jioni ikaingia, na kule senta walikuwa wameshawasha televisheni, kelele zilisikika mpaka kwao. Ronald alikuwa nyuma ya zizi anatazama kwa simu. Kila mtu alijua Thadeus atavaa viatu aende kutazama. Angekasirika namna gani, angeenda. Siku kama hiyo asingeikosa hata kwa matanga.

Hakuenda. Aliingia jikoni, ambamo huwa haingii ila kutafuta kiberiti, akavuta kigoda akaketi karibu na moto, magoti yamefika kidevuni. Tryphena akaendelea kuosha sufuria. Thadeus alikohoa, akakuna goti.

"Nakuuliza sasa," akasema.

"Unauliza nini?"

"Ungependa kuishi wapi?"

Tryphena akacheka kidogo. Jibu alikuwa nalo tayari, alikuwa amelilinda miezi yote hiyo, amelipandia miti, ameliombea mbele za watu, amempigia mwanawe mwiko kwa ajili yake. Akafungua mdomo alitoe. Halikutoka. Alitazama mlango, akatazama mikono yake iliyojaa povu, akajaribu tena. Mbololo ilimjia, na dada zake, na joto lile la asubuhi mapema ambalo hakuwa amelikumbuka miaka mingi. Voi ikamjia pia, na mjukuu wake. Wusi ilikuwepo, imemjaa kifuani, lakini sasa haikuwa peke yake, na hakuelewa hata kidogo imekuwaje.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nifikirie."

"Fikiria," akasema Thadeus.

Nyuma ya ukuta Ronald akapiga yowe, ng'ombe akashtuka zizini. "Baba!" akaita. "Baba, kwisha! Mmeshuka!"

Thadeus hakugeuka. Alikuwa anamtazama mkewe, anangoja.